Ndoo Kichwa Chini

Kama ulikosa ya wiki iliyopita, usihangaike kutafuta gazeti kuukuu. Nakupa hapa hapa, upesi upesi, halafu tuendelee na balaa.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi na mdogo wangu wa kiume, fundi vitasa, ambaye mtaa mzima unamwita Kitasa. Wezi walipotuzidi, mtaa uliunda kikundi cha ulinzi, na mdogo wangu ndiye aliyebadilisha vitasa vya milango yote. Akapigiwa makofi. Wizi ukaendelea, tena bila mlango kuvunjwa. Mwizi anafungua, anachukua, anafunga, anakwenda zake. Watu wakajiuliza ni nani anayeweza kufungua mlango bila kuuvunja, na jibu wakaja kulichukua sebuleni kwangu. Walimburuta mdogo wangu hadi kituo cha polisi akiwa na kiatu kimoja mguuni.

Hapo ndipo mliponiacha, nimesimama mlangoni na kiatu cha pili mkononi, natukana hadi sauti inakauka.

Sasa sikiliza.

Asubuhi yake nilikwenda kituoni. Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti lakini macho yake hayakuwa na mchezo.

"Nyumba yenu imepekuliwa?" akaniuliza.

"Wamepekua hadi ndani ya sufuria, afande."

"Wakapata nini?"

"Sufuria."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Sikia, dada. Hawa majirani zako wameniletea kelele, hawajaniletea ushahidi. Hakuna aliyemwona akiiba. Hakuna mali ya wizi iliyokutwa kwake. Hali ikibaki hivi, kesho asubuhi namwachia. Ila ikipatikana mali ya mtu chini ya paa lenu, mdogo wako anakwenda mahakamani, na mimi sitaweza kumsaidia."

"Haitapatikana."

"Basi kesho njoo na kiatu chake."

Niliondoka pale nikitembea kama mwenye barabara. Sikujua kwamba mdomo wangu mwenyewe unakwenda kuniharibia.

Nilipofika mtaani nikakuta mkutano. Walikuwa wamejaa barazani kwa Kamanda, na mada ilikuwa mimi.

Huyu Kamanda asikutishe. Si kamanda wa chochote. Alikuwa mlinzi wa ghala la mabati, akastaafu, akabaki na kofia. Kikundi cha ulinzi kilipoundwa, yeye ndiye aliyejua kusimama wima kuliko wote, tukampa uongozi. Akagawa filimbi kila nyumba. Akaagiza ufunguo mmoja wa kila mlango ukae kwake, umetundikwa kwenye ubao sebuleni, ili moto ukizuka au mtoto akijifungia ndani tusipate tabu. Na akatunga sheria ya ndoo.

Sheria ya ndoo ni hii. Ukitoka na nyumba ikabaki tupu, unaweka ndoo kichwa chini mlangoni. Jirani akiiona anajua hupo, anakuangalizia. Tuliipenda sana sheria ile. Tuliringa nayo kwa watu wa mitaa mingine.

"Tumekwisha kumtoa nyoka," Kamanda alikuwa akisema nilipoingia. "Sasa kuna suala la dada yake. Wapo wanaopendekeza ahame."

"Nani anayependekeza?" nikauliza kwa nyuma.

Vichwa vikageuka. Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na mwandani wangu wa miaka yote, akanifanyia ishara ninyamaze. Mimi na ishara wapi na wapi.

"Nauliza ni nani. Ajitokeze, nimpime kabisa na nguo ya kuniaga."

"Dada, heshima," akasema Kamanda.

"Heshima ninayo, ila sihami. Nimeingia mtaa huu kabla ya nusu yenu, nimewashonea sare za watoto, nimewapunguzia suruali mkikonda na kuwaongezea mkinenepa. Atakayenihamisha aje na mashine ya kunibebea."

Wachache wakacheka. Nikaona nimepata upenyo wa kusema, nikautumia.

"Mwalimu," nikamwita mzee wa watu aliyeibiwa kompyuta. "Siku uliyoibiwa, ndoo yako ilikaaje?"

"Kichwa chini. Nilikuwa kazini."

"Na wewe wa saluni, walipokubebea redio na feni?"

"Kichwa chini," akajibu yule wa saluni.

"Kuna mtu humu aliyeibiwa ndoo ikiwa imekaa sawa?"

Watu wakaanza kutazamana. Hakuna aliyewahi kuliwaza hilo, hata mimi nilikuwa nimeliwaza usiku ule tu, usingizi ulipokataa.

"Ndugu zangu, sisi tumemwekea mwizi kibao. Kila asubuhi tunamwandikia mlangoni: karibu, wenyewe hawapo. Na tunajisifu!"

"Ndoo ni za kuwaarifu majirani," Kamanda akasema, na shingo imeanza kumvimba.

"Basi mwizi ni jirani. Sasa swali langu la mwisho. Hizo funguo za milango yetu yote zimetundikwa ukuta wa nani?"

Mbona palichafuka! Mmoja anasema nimemtukana mzee, mwingine anasema wizi uko kwenye damu yetu, mwingine anataka nitolewe barazani. Baba Pacha, mume wa Mama Pacha, dereva wa gari la mizigo, mtu ambaye kwa kawaida huwezi kumtoa neno, alisimama akaninyooshea kidole usoni.

"Mdogo wako ndiye aliyezichonga hizo funguo! Anaweza kuchonga nyingine mia!"

"Na mpelelezi amesema hana kesi!" nikapayuka. "Hakuna mali iliyopatikana, hakuna kesi! Isipopatikana leo, kesho asubuhi mdogo wangu yuko nje! Na mimi mchana huu nampelekea chakula, nitakaa huko huko kituoni mpaka jioni, nione nani atanihamisha nikiwa sipo!"

Hayo ya kukaa kituoni nilikuwa nimeyapanga, ni uongo wangu wa makusudi. Lakini hilo la mali isipopatikana lilinitoka tu kwa hasira. Nalikiri hapa mbele yenu wasomaji, kwa sababu ndilo lililozaa yote yaliyofuata.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Mdogo wangu yuko mahabusu. Mwizi wa kweli yuko nje na mkono unamwasha. Nikiweka ndoo kichwa chini, atakuja. Akiiba wakati Kitasa yuko ndani ya seli, mdogo wangu amesafishika mbele ya mtaa mzima. Nilichohitaji ni shahidi, maana neno langu peke yangu nani angelisikiliza?

Nilimfuata Mama Pacha jikoni kwake.

"Wewe una kichaa," akaniambia.

"Ninacho. Unakuja au huji?"

Alikoroga chungu chake muda mrefu. Huyu mwanamke ndiye aliyenishika mkono walipomchukua mdogo wangu. Ndiye pekee aliyesema hadharani kwamba Kitasa hawezi kuiba hata usingizi.

"Nakuja," akasema. "Tena nakuja na mwiko."

Mchana nikatoka na kapu la chakula. Nikaiweka ndoo kichwa chini, nikaigonga kwa kiganja isikike. Nikashuka na njia nikisalimia kila mtu, hata wale ambao hatukuwa tunasalimiana. Kamanda alikuwa barazani kwake.

"Kituoni?" akauliza.

"Kituoni, mzee wangu. Niangalizie nyumba."

"Usijali. Ndiyo kazi yangu."

Nilipokata kona nikazunguka kwa nyuma, nikaingia ua wa Mama Pacha, tukapanda ukuta mfupi unaotutenganisha. Nasema tukapanda, lakini Mama Pacha ni mtu wa mwili. Alikaa juu ya ukuta ule akilaani siku aliyonijua, mpaka nikamvuta kwa mikono miwili tukaanguka wote kwenye mabaki yangu ya vitambaa.

Tukaingia kwa mlango wa uani na kuufunga kwa komeo. Sebuleni kwangu kuna meza kubwa ya kukatia nguo, na juu yake niliacha kitambaa cha pazia kikaning'inia mpaka sakafuni. Tukajipenyeza chini yake. Kulikuwa na upenyo tunaona vizuri mlango wa mbele, cherehani yangu, na kitanda cha mdogo wangu kilichoko pembeni.

Joto lilikuwa la kutokota. Mama Pacha ananihemea sikioni.

"Asipokuja?"

"Atakuja."

"Akija na panga?"

"Una mwiko."

Alinifinya. Nikauma kidole nisicheke. Basi ndivyo tulivyokuwa, watu wazima wawili wenye familia, chini ya meza, tukisukumana kama wasichana wa shule, na maisha ya mdogo wangu yananing'inia juu ya vichwa vyetu.

Kisha ufunguo ukaingia kwenye kitasa.

Haukupapasa. Uliingia, ukageuka, mlango ukafunguka na kufungwa tena taratibu. Viatu nikavitambua kabla sijaona uso. Vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vinakuona.

Kamanda.

Nikajiambia, mwache achukue. Achukue cherehani, achukue pasi, achukue anachotaka. Akishika kitu tu, napuliza filimbi. Nilikuwa nimeshaiweka mdomoni.

Lakini Kamanda hakutazama cherehani. Hakutazama pasi. Mikononi alikuwa tayari na furushi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mdogo wangu, akaliweka chini, akalifungua ahakikishe, na mimi nikaiona kompyuta ya Mwalimu na kile kibandiko chake cha ua kubwa jekundu. Akaifuta kwa mkono wa shati. Kisha akainua godoro.

Hakuja kuiba. Alikuja kuleta.

Nilikuwa nimepayuka mbele yake kwamba kesi inakosa mali tu, halafu nikamwambia na saa ambayo nyumba yangu itakuwa tupu. Nilimpa kila kitu isipokuwa furushi.

Nikamgeukia Mama Pacha nimwonyeshe. Hakuwa anamtazama Kamanda. Alikuwa ametoa macho kwenye shuka iliyofungia kompyuta, na mkono wake uliokuwa umenishika ulikuwa umelegea.

Shuka ya njano yenye maua. Niliipinda mimi mwenyewe kwa cherehani ile ile. Juzi tu Mama Pacha alikuja kunilalamikia kwamba mumewe ameichukua kitandani akaenda nayo kufunikia mzigo kwenye gari.

Nikapuliza filimbi.

Nilipuliza kwa pumzi yote niliyobakiwa nayo. Kamanda aliruka, kofia ikaenda huku, kompyuta ikaenda kule kitandani. Nikatoka chini ya meza, pindo la kile kitambaa cha pazia limening'inia begani kwangu, bado napuliza.

Na mtaa wetu, hata useme nini, kwa filimbi haujambo. Sheria ni kwamba ikilia unatoka kama ulivyo. Mwalimu alifika na kalamu sikioni. Yule wa saluni alifika na kitana, nyuma yake mteja amesukwa upande mmoja. Sebule ikajaa, wengine wakaishia madirishani.

Mimi natweta, sijapata hata neno, Kamanda amekwisha kuokota kofia na kuivaa.

"Mmejionea!" akasema, akainua kompyuta juu. "Nimeingia kukagua, nikaikuta chini ya godoro la Kitasa! Mwalimu, hii si yako?"

Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili. "Yangu. Ndiyo yangu!"

Ukelele uliopigwa humo ndani sitaki kuukumbuka. Mtu mmoja akanitemea mate, yakatua kwenye lile pazia la mteja wangu.

"Muongo!" nikasema. "Amekuja nayo! Muulizeni ameingiaje!"

"Kwa ufunguo wa dharura," Kamanda akajibu, hana wasiwasi. "Ndugu zangu, hii si dharura?"

"Ni dharura!" wakaitikia.

"Tulieni basi. Baba Pacha nimekwisha kumtuma akamlete askari. Wako njiani."

Hapo ndipo akili ilinirudia.

"Kamanda," nikamwita, sasa kwa sauti ya chini, maana nilitaka kila mtu asikie. "Filimbi nimepuliza sasa hivi, na tangu niipulize hujatoka humu ndani. Baba Pacha ulimtuma saa ngapi kwenda kuita askari? Kabla ya kuikuta kompyuta, au baada?"

Akaishika kofia, akaivuta mbele.

"Kama ni kabla, ulijuaje utaikuta?"

Kelele zikashuka. Mwalimu akaacha kuipapasa kompyuta yake akamtazama Kamanda. Yule wa saluni akasema taratibu, "Hebu jibu hilo, mzee."

"Mimi... nina uzoefu wa ulinzi. Nilihisi."

"Alihisi!" nikasema. "Haya. Mimi sihisi, mimi nimeona. Na sikuona peke yangu. Mama Pacha, toka huko chini, mama."

Pazia likasogea. Mama Pacha akatoka kwa magoti, mwiko mkononi, vumbi usoni. Watu wakashangaa wote kwa pamoja. Huyu kila mtu anamwamini. Huyu hata kugombana na kuku hawezi. Kamanda alipomwona, rangi ilimtoka.

"Waambie," nikasema. "Waambie alivyoingia na furushi."

Mama Pacha akaitazama ile shuka pale sakafuni. Akainama, akaichukua, akaishika kifuani. Nilijua anachokiona. Anaona mumewe anaingia seli ile ile anayotoka mdogo wangu. Anaona pacha wake wanaitwa watoto wa mwizi njiani.

"Sema, mwenzangu."

"Mimi..." akaikunja ile shuka. "Kitambaa kilinifunika. Sikuona vizuri."

Kama angenipiga na ule mwiko ningeumia kidogo kuliko vile.

"Mnasikia?" Kamanda akapumua. "Mmesikia wenyewe!"

Watu wakaanza kunisogelea tena. Na mimi, badala ya kulia, nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Nikawapita wote, nikafika mlango wa mbele, nikaufunga, ufunguo nikautumbukiza kifuani.

"Hatoki mtu," nikasema. "Mlimburuta mdogo wangu na kiatu kimoja, hakuna aliyemuuliza swali. Leo mtauliza maswali. Tutakaa humu mpaka mtu mmoja aseme ukweli, hata ikibidi tulale tumesimama."

"Huyu mwanamke anatufunga!" mtu akapiga kelele.

"Nawafunga! Kitasa ni cha mdogo wangu, kizuri, hakifunguki ovyo!"

Ndipo mlango ukagongwa kwa nje.

"Fundi! Fungua!" Ilikuwa sauti ya Baba Pacha. "Nimekuja na mpelelezi!"

Mpelelezi! Mtu pekee niliyemtaka kuliko wote. Nikatia mkono kifuani kuutoa ufunguo, na hapo mkono mwingine ukanikamata. Mama Pacha alikuwa amenifuata mlangoni. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye shuka.

"Usimfungulie," akaninong'oneza.

"Ni polisi, mama. Ndio wa kumtoa mdogo wangu."

"Najua. Lakini na mume wangu yuko nao. Akiingia yule akanitazama, mimi sitasema tena. Mpaka nakufa sitasema."

"Dada, fungua," ikaja sauti ya mpelelezi, ile ile ya upole. "Usipofungua nitaamini ninayoambiwa huku nje."

Nyuma yangu Kamanda anapaza sauti: "Vunjeni, afande! Ametuteka!"

Nilimtazama Mama Pacha. Kisha nikauegemeza mgongo wangu mlangoni, nikakita miguu sakafuni.

"Sema sasa," nikamwambia. "Mlango nitaushikilia mimi."

Bega la kwanza la askari likanisukuma mbele. Nikarudi, nikaegemea tena. Mama Pacha aliwageukia watu, akaikunjua ile shuka mbele yao, akafumbua mdomo.